Mnyororo ao Mkanda?

Moteri peke yake haiendeshi motokari. Moteri huzunguka, hunguruma, hula petroli. Lakini kama nguvu yake haifiki kwenye magurudumu, ni kelele tu. Nani basi huipeleka? Katika motokari kubwa tunazoziona barabarani, kazi hiyo hufanywa na vyuma vilivyofichwa chini, na watu wengi hupanda na kushuka miaka yote bila kuviona hata mara moja. Lakini kuna motokari ndogo za mashindano, zenye moteri ya pikipiki nyuma ya mgongo wa mwendeshaji. Katika hizo njia mbili hushindana: mnyororo, kama ule wa kinga, na mkanda, kama ule wa mashini ya kusaga unga.

Pengine mtauliza: jambo hilo linatuhusu nini sisi? Sikieni. Mtoto wa kaka yetu yuko Ufaransa, anasoma ufundi wa mashini. Yeye na wenzake wanaunda motokari ya namna hiyo, kwa mashindano ya wanafunzi. Mashindano hayo yalianza Marekani kwa jina la Formula SAE, kisha mwaka 1998 Waingereza nao wakaanzisha ya kwao, Formula Student. Sasa yako katika nchi nyingi. Kijana wetu akatuandikia hivi: «Baba mdogo, pokea salamu zangu. Huku tumegawanyika. Wenye kutaka mnyororo ni saba, wenye kutaka mkanda ni sita, na mimi sijasema bado. Wewe umetengeneza kinga na mashini ya kusaga tangu nilipokuwa mtoto mdogo. Niseme nini?»

Tuliisoma barua ile mara mbili. Yeye mwenyewe ni mmoja wa waendeshaji wawili. Mnyororo ao mkanda, chochote watakachochagua, kitazunguka nyuma ya mgongo wake, mbali naye kwa viganja vichache tu. Na mbio kubwa ya mashindano hayo ni ya kilometa 22 hivi, waendeshaji wakibadilishana katikati. Kitu kikikatika kilometa ya 20, kazi ya mwaka mzima imebaki kando ya njia. Basi hatukutaka kumjibu kwa haraka.

Tumeshika minyororo mingi. Mtu anayezunguka vijiji kwa kinga, kilometa 30 leo na 30 kesho, hujifunza tabia ya mnyororo hata asipotaka. Na mkanda tumeujua kwa mashini ya kusaga, pale mama zetu wanaposimama na mabeseni ya mahindi, wakingoja. Lakini mashini ya kusaga haikimbii, na kinga haina moteri. Ilitupasa kwanza kufanya hesabu.

Tuchukue namba nyepesi. Tuseme motokari pamoja na mwendeshaji wake ni kilo 280, na wakati wa kuondoka magurudumu mawili ya nyuma yanasukuma ardhi kwa nguvu ya kilo 250. Toka katikati ya gurudumu mpaka chini ni sentimeta 25. Gurudumu la meno lililofungwa kwenye ekseli, toka katikati mpaka kwenye meno, ni sentimeta 12 na nusu, ndiyo nusu ya ile 25. Basi mnyororo lazima uvute mara mbili: kilo 500. Ni kama kumtundika dume kubwa la ng'ombe kwenye kamba nyembamba kupita kidole. Na hapo hatujahesabu kishindo cha mwendeshaji anayeachilia klachi kwa ghafula. Ndiyo sababu mnyororo wa kinga haufai hata kidogo. Hutumiwa ule wa pikipiki, ambao toka pini moja mpaka pini ya pili ni milimeta 15,875, maana yake sehemu tano za nane za inchi ya Waingereza.

Mnyororo wa namna hii, wenye vigoma vidogo vinavyozunguka juu ya pini, ulitengenezwa na Hans Renold katika mji wa Manchester mwaka 1880. Tangu siku zile haukubadilika sana. Kwa nini? Kwa sababu ni chombo chema. Ukiwa safi na umetiwa mafuta, katika nguvu 100 unazoupa hukurudishia 97 ao 98. Tena hukatwa na kuungwa. Hilo ndilo jambo kubwa, ndugu zangu! Asubuhi ya mashindano fundi anaona njia ina kona nyingi, anataka motokari iwe na nguvu ya kuondoka kupita mbio. Anafungua gurudumu la meno la nyuma, anaweka lingine lenye meno mawili zaidi, anaongeza kiungo kimoja cha mnyororo, amemaliza. Kazi ya nusu saa, kwa ufunguo na nyundo.

Lakini mnyororo una kasoro zake, na mwenye kinga anazijua. Ya kwanza ni kurefuka. Watu husema mnyororo umevutika, kana kwamba ni mpira. Sivyo. Chuma chenyewe hakivutiki hata kidogo cha kuonekana. Kinacholika ni pini na bushi, ndani, mahali jicho halifiki. Viungo 60, kila kimoja kikilika sehemu ya kumi tu ya milimeta, mnyororo mzima umerefuka milimeta 6. Hapo unaanza kupanda juu ya meno, na siku moja utaruka. Ya pili ni vumbi. Mafuta yanayouponya ndiyo yanayokamata mchanga; mchanga pamoja na mafuta hufanya uji wa kusugulia chuma. Sisi wa njia za vumbi hatuhitaji mwalimu kwa jambo hilo. Mnyororo wa kinga ambao Ulaya hudumu miaka, kwetu humalizika katika kiangazi kimoja.

Tena kuna kasoro ya tatu ambayo si wengi wanaoijua. Mnyororo hauzunguki kama duara. Gurudumu la meno machache ni kama kitu chenye pembe pembe; mnyororo hupanda pembe, hushuka, hupanda tena. Ukitumia gurudumu dogo la meno 11, mwendo wa mnyororo huongezeka na kupungua kwa sehemu 4 katika 100, kila jino linapopita. Kwa meno 17 ni pungufu ya 2. Ndiyo maana mafundi wenye akili hawapendi gurudumu dogo mno mbele, ingawa ni jepesi na la bei ndogo.

Sasa mkanda. Tusiufikirie ule wa mashini ya kusaga, unaoshika kwa kubana tu katika mfereji wa puli. Ule hupoteza nguvu kwa kuteleza, na mvua ikiingia katika nyumba ya mashini hulia kama mtoto. (Lakini kuteleza kwake kumeokoa mashini nyingi: msumari ukiingia pamoja na mahindi, mkanda huteleza, na mawe hayavunjiki. Mtu asiudharau.) Mkanda wanaoutaka wale sita ni wa meno. Una meno ya mpira ao ya namna ya plastiki ngumu, na ndani yake zimelazwa nyuzi za nguvu sana, za kioo, za aramidi ao za kaboni. Nyuzi hizo hazivutiki. Pikipiki za Harley-Davidson zimetumia mkanda wa namna hiyo tangu miaka ya 1980, na wenye pikipiki hizo huenda nao kilometa maelfu na maelfu bila kuugusa.

Na sifa zake? Hauhitaji mafuta. Kwa hiyo haurushi mafuta juu ya matairi, jambo ambalo katika kona linaweza kumzungusha mwendeshaji kama pia. Haupigi kelele. Hauna kishindo cha pembe pembe kama mnyororo, na puli zake zaweza kuwa za aluminiamu. Ukiangalia mambo hayo tu, utasema mara moja: tuchukue mkanda! Hata sisi, tulipoandika sifa hizo juu ya karatasi upande mmoja na kasoro za mnyororo upande wa pili, tulisita.

Kisha tukafikiri juu ya yule fundi wa asubuhi ya mashindano. Mkanda ni duara moja. Hauna mwanzo wala mwisho, haukatwi, hauungwi. Urefu wake umewekwa kiwandani. Ukitaka kubadili puli, pengine utahitaji mkanda mwingine wa urefu mwingine, nao lazima uwe umeagizwa zamani. Na ili kuuvalisha ni lazima ekseli itolewe upande mmoja, maana hakuna mahali pa kuufungua. Tena puli ndogo haiwezi kuwa ndogo sana, kwa kuwa nyuzi zikipindwa kupita kiasi hukatika ndani kwa ndani. Puli ndogo ikikua, puli kubwa nayo lazima ikue ili kulinda hesabu ile ile ya mizunguko; na motokari hizi zinakaa chini sana, puli kubwa inakaribia kugusa njia. Mtu asiyejali akiukunja mkanda kwa mkono, kama mtu anavyokunja gazeti, ameuua. Kwa nje hauonekani kuwa na neno. Utakatika siku ya mbio.

Lipo jambo lingine, nalo kwetu lilikuwa zito kupita yote. Mnyororo hutaka kulegea kidogo. Mkanda hutaka kukazwa tangu mwanzo, hata moteri ikiwa imelala, la sivyo meno yake yataruka wakati wa nguvu. Ukikazwa, unavuta daima ekseli na kile chuma kinachotoka katika sanduku la vitesi. Chuma hicho kiliundwa na watu wa pikipiki kwa ajili ya mnyororo mwembamba unaokaa karibu na gololi zake. Mkanda wa kubeba nguvu ile ile ni mpana mara kadhaa kupita mnyororo. Basi unavuta mbali na gololi, na unavuta saa zote. Mwenye kubeba ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa mbele anaelewa maneno yetu.

Tena fremu ya motokari hizi ni ya mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa moto na wanafunzi wenyewe. Inajipinda kidogo katika kona. Mnyororo huvumilia upotovu mdogo. Mkanda hukimbilia ukingo wa puli na kuanza kujila.

Watu wa zamani walikwisha kuyajaribu haya yote. Mwaka 1910 Wafaransa wawili, Robert Bourbeau na Henri Devaux, waliunda Bédélia, motokari nyembamba kama mtumbwi, mwendeshaji ameketi nyuma na mwenzake mbele. Nguvu ilikwenda nyuma kwa mikanda mirefu. Hapakuwa na klachi: ekseli ilisogezwa mbele, mikanda ikalegea, ikawa basi. Waingereza nao walikuwa na Morgan ya magurudumu matatu, yenye minyororo miwili, mmoja kwa mwendo wa polepole, mmoja kwa mbio. Mwaka 1913 walikutana katika mashindano ya Amiens, kule Ufaransa. Morgan ilifika mbele. Lakini wakubwa wa mashindano walisema kwamba yenye magurudumu matatu haihesabiwi pamoja na zenye magurudumu manne, ushindi ukapewa Bédélia. Hata leo mashabiki wa mnyororo na wa mkanda wanaweza kugombana juu ya siku ile, kila mmoja akisema alishinda!

Baada ya vita kuu ya pili, Charles Cooper na mwanawe John, wenye garaji mahali paitwapo Surbiton karibu na London, waliunda motokari ndogo kwa moteri ya pikipiki ya JAP, ya sentimeta za ujazo 500. Ilikuwa mwaka 1946. Walichukua sehemu za mbele za Fiat ndogo mbili, wakaziunganisha, moja ikawa mbele na nyingine nyuma. Moteri waliiweka nyuma ya mwendeshaji. Si kwa elimu kubwa. Ni kwamba mnyororo wa pikipiki ni mfupi, na moteri ikikaa karibu na ekseli ya nyuma kazi inakuwa nyepesi. Stirling Moss alianza mbio zake kwa motokari ya namna hiyo. Na desturi ile ya kuweka moteri nyuma ikapanda ngazi: mwaka 1959 na 1960 Jack Brabham alikuwa bingwa wa dunia katika Cooper, na baada ya miaka michache kila motokari ya Formula 1 ilikuwa na moteri nyuma. Zile kubwa hazikutumia mnyororo, ni kweli. Lakini mnyororo ndio uliowaonyesha njia.

Mkanda nao ulikuwa na siku zake. Waholanzi wa DAF walitia mkanda wa mpira katika motokari yao ya watu wote, DAF 600, iliyoonyeshwa mwaka 1958, na katika miaka ya 1960 waliupeleka mpaka katika mashindano ya Formula 3. Mwaka 1993 watu wa Williams walijaribu katika Formula 1 mkanda wa vipande vya chuma, ambao, ajabu, haukuvuta bali ulisukuma. Sheria za mwaka uliofuata zikaukataza. Mikanda hiyo lakini ilikuwa ya kubadili mwendo bila vitesi, si kama huu wa vijana wetu. Tumeitaja kwa sababu mmoja wa wale sita aliitumia kama ushahidi, na si ushahidi.

Basi tukamjibu kijana wetu: sema mnyororo. Moteri yenu ni ya pikipiki, imezaliwa na mnyororo. Hamjui bado ni hesabu gani ya meno itakayofaa, na mnyororo utawaruhusu kuitafuta. Duka lolote la pikipiki litawauzia mwingine siku ile ile. Lakini kama mwaka ujao mtatumia moteri ya umeme, ulizeni tena. Moteri ya umeme hurudisha nguvu wakati wa kupunguza mwendo, ikivuta mbele kisha nyuma, mbele kisha nyuma. Mnyororo uliolegea utapiga kila mara, na mkanda uliokazwa hautapiga. Hapo sisi wenyewe hatungeona haya kuhamia kwa wale sita.

Tukaongeza neno moja, nalo lilijaza ukurasa wa pili wa barua: kifuniko. Motokari yao ikienda kilometa 100 kwa saa, mnyororo, kwa hesabu yetu ya juu, unakwenda 50. Una urefu wa karibu meta moja na uzito wa karibu kilo moja na nusu. Ukikatika, ni mjeledi wa chuma. Tarehe 3 Machi 1927, kwenye mchanga wa Pendine kule Wales, J. G. Parry-Thomas alikuwa akijaribu kushinda mwendo wa dunia katika motokari yake Babs, yenye moteri ya ndege na minyororo mikubwa kando. Alikufa pale pale. Kwa miaka mingi watu walisema mnyororo ulikatika ukampiga kichwani. Babs ilizikwa katika mchanga, ikafukuliwa mwaka 1969, na wengi waliochunguza mabaki walisema afadhali kuamini kwamba gurudumu la nyuma lilivunjika kwanza. Iwe hivyo ao hivi, mtu aliketi karibu na chuma kinachokimbia.

Sheria za Formula SAE hazichezi na jambo hilo. Kifuniko cha mnyororo lazima kiwe cha chuma cha pua ao chuma cha kawaida, yaani cha chuma tu wala si kitu kingine, unene wa milimeta 2,66 kwa uchache, na upana mara tatu ya mnyororo. Kwa mkanda usio wa chuma wanakubali aluminiamu ya milimeta 3, upana mara 1,7 ya mkanda. Angalieni tofauti hiyo: ndiyo gharama ya kweli ya mnyororo, na mwenye kuhesabu uzito wa mnyororo bila uzito wa kifuniko chake anajidanganya. Kijana wetu alikuwa hajakihesabu. Wale saba nao walikuwa hawajakihesabu. Tuliambiwa kwamba siku hiyo mizani ililetwa, na mabishano yakaanza upya mpaka usiku. Mwishowe wakabaki na mnyororo, kumi kwa watatu.

Tena kuna vidole. Moteri ikinguruma motokari ikiwa imesimama, mtu huinama nyuma kusikiliza, mkono wake unatafuta mahali pa kushika. Tunawajua watu wawili waliopoteza vidole hivyo kwenye mashini ya kusaga, mmoja alikuwa na umri wa miaka 14. Sheria inasema kitu cha mviringo chenye unene wa milimeta 12 kisiweze kupita mpaka kwenye sehemu zinazozunguka. Tukamwandikia achonge kijiti cha unene huo, asikwangue zaidi wala pungufu, akitie mfukoni. Na kila jioni kabla ya kuwasha moteri azunguke motokari yake, akikijaribu katika kila nafasi, juu, chini na pande zote mbili.